Manati Iwe Mchezo wa Shule

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, nalo ni habari ya manati. Wasomaji wanajua ya kuwa manati kumi na tisa zilikusanywa mabwenini, zikafungiwa katika kabati la ofisi pamoja na simu na redio. Wazazi wengi walifurahi waliposikia. Siwalaumu walimu hata kidogo, kwani kioo cha maabara kilivunjwa kweli, na njiwa wa mzee jirani yetu waliuawa kweli. Lakini liko neno moja ambalo halikusemwa siku ile ya paredi: manati ya ishirini imekwisha tengenezwa, na ya ishirini na moja pia. Miti ya kukata panda iko nyuma ya jiko, na mipira mibovu ya baiskeli iko kwa kila fundi pale sokoni. Kitu ambacho kijana aweza kukitengeneza kwa nusu saa hakiwezi kumalizwa kwa kabati.

Kwa hiyo nasema manati iwe mchezo wa shule, kama kandanda na netiboli, wenye uwanja wake, kanuni zake na mwalimu wake. Najua wako watakaocheka. Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Mawazo haya niliyapata kwa kusoma habari za mchezo mmoja wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko California, watu waliopenda sinema za kauboi walianza kushindana kulenga shabaha kwa silaha za mtindo wa zamani, na mwaka 1987 wakaunda chama chao kiitwacho Single Action Shooting Society. Mchezaji huvaa nguo kama za watu wa karne ya 19, na hujichagulia jina la mchezo, jina ambalo mwanachama mwingine haruhusiwi kulitwaa. Hutumia bastola mbili ambazo nyundo yake huvutwa kwa kidole gumba kila risasi, bunduki ndefu ya kukokwa kwa mkono, na bunduki ya marisawa. Shabaha zao ni mabamba ya chuma, makubwa na ya karibu, nayo yakipigwa hulia, hata mtazamaji aliye mbali hujua kama mtu amepata au amekosa. Jambo lililonipendeza kuliko yote ni hili: bastola yenye matundu sita hutiwa risasi tano tu. Tundu lililo chini ya nyundo huachwa tupu, ili bastola ikianguka isifyatuke. Basi watu hao, kwa kelele zao zote na makofia yao, wametanguliza usalama hata kabla ya kuanza kucheza.

Sisemi tulete bastola Masasi. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haikumwekea mwanafunzi nafasi ya kumiliki bunduki, na ni vizuri. Tena sisi watu wa kusini tunazo sababu zetu za kutoichezea bunduki. Mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto katika vita vya Maji Maji. Mwezi wa Novemba 1917 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Tafel kilijisalimisha karibu na Newala kwa njaa na kwa kuishiwa, wakati Lettow-Vorbeck akivuka Ruvuma na askari wake, na wapagazi waliokufa katika vita ile hakuna aliyewahesabu sawasawa. Kisha ikaja vita ya ukombozi ya Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, wakimbizi wakavuka mto kuja kwetu, na wapiganaji wa FRELIMO wakapata mafunzo Nachingwea, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Babu zetu wengi hawapendi hata mlio wa baruti ya harusi. Mtu akiwaambia kwamba wajukuu zao wanajifunza kupiga bunduki kwa starehe, hawatamwelewa, nami nadhani haki iko upande wao.

Lakini manati si bunduki, ingawa umri wake hauachani sana na ule wa bastola ya kauboi. Watu hudhani manati ni kitu cha kale mno, kumbe haiwezi kuwa ya kale kuliko mpira wenyewe. Mpira wa zamani ulikuwa ukiyeyuka kwa joto na kukauka kwa baridi, mpaka Charles Goodyear alipogundua namna ya kuupika pamoja na kiberiti, akapata hati yake mwaka 1844. Samuel Colt alipata hati ya bastola yake mwaka 1836. Kwa hiyo manati na bastola ya kauboi ni watoto wa zama moja. Na mpira ule haukuwa mgeni kwetu, maana katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 watu wa kusini walikuwa wakigema mipira ya mwitu porini na kuipeleka pwani, Lindi na Kilwa, ikauzwe ng'ambo. Cha kale hasa ni kombeo, ambalo wazee wetu walilitumia kuamia ndege mashambani, na ambalo Daudi alilichukua alipokwenda kumkabili Goliathi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba aliokota mawe matano. Ni matano yale yale ya bastola.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Sinema zimetufundisha kwamba kauboi ni Mzungu. Si kweli. Kauboi alikuwa mchunga ng'ombe wa kibarua, mwenye vumbi na mshahara mdogo, na wanahistoria wengi husema kwamba karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Mmoja wao ni Nat Love, aliyezaliwa mtumwa huko Tennessee mwaka 1854. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1907 anaeleza mwenyewe kwamba tarehe 4 Julai 1876, katika mji wa Deadwood, alishinda mashindano ya kufunga farasi kwa kamba na ya kulenga shabaha, na watu wakampa jina la Deadwood Dick. Sasa mwanafunzi wa Masasi na auangalie mwaka huo. Ni mwaka ule ule wa 1876 ambao Askofu Steere aliwaleta hapa watu waliokombolewa utumwani, wakaanza kujenga chini ya mlima wa Mtandi. Upande ule wa bahari mtu aliyekuwa mtumwa anapigiwa makofi kwa shabaha yake, na upande huu watu waliokuwa watumwa wanakata miti ya nyumba zao za kwanza. Sikupata kusoma jambo hili katika kitabu chochote cha shule, nami naona lingetufaa kuliko mengi tunayokariri.

Sasa niingie katika mchezo wenyewe. Kanuni ya kuhesabu ni nyepesi, hata wa Kidato cha Kwanza ataielewa. Mchezaji husimama nyuma ya mstari, mikebe mitano mbele yake, na mwalimu mwenye saa hupiga filimbi. Huhesabiwa sekunde alizotumia, na kwa kila mkebe alioukosa huongezwa sekunde tano. Mathalan, kijana mmoja amemaliza kwa sekunde 14 lakini amekosa mikebe miwili. Hesabu yake ni 24. Mwenzake ametumia sekunde 21 na hakukosa hata mmoja. Hesabu yake ni 21, naye ndiye mshindi. Akivunja utaratibu, kama kupiga mkebe wa tatu kabla ya wa pili, anaongezewa sekunde kumi. Hizo ndizo hesabu za Wamarekani wale, nami sioni sababu ya kuzibadili. Walimu wetu hutuambia kila mara kwamba haraka haraka haina baraka, lakini katika mtihani na katika kandanda mara nyingi tunamwona mwenye haraka akipata. Hapa mtu ataiona methali hiyo kwa saa ya mwalimu.

Manati yenyewe isitengenezwe ovyo. Panda nzuri ni ya mpera, iliyokatwa ikaachwa kivulini mpaka ikauke. Mkorosho, ijapokuwa ndio tulio nao tele, ni mti laini, nao si wa kuaminiwa. Mipira miwili ikatwe kutoka sehemu moja ya tairi la ndani, kwa upana mmoja na urefu mmoja, kwa sababu mpira mmoja ukiwa na nguvu kuliko mwenzake jiwe litakwenda upande siku zote, na mwenye manati atalaumu mkono wake bure. Wazee husifu sana mpira mwekundu wa zamani, na hawakosei, maana ule ulikuwa wa utomvu wa mti. Mipira myeusi mingi ya siku hizi imetengenezwa kiwandani kwa kemikali ili ishike upepo vizuri, lakini hurudi polepole. Ngozi ya kushikia jiwe hupatikana katika ulimi wa kiatu kikuukuu.

Nasema jiwe kwa mazoea tu, kwani mawe yasitumike kabisa. Kokoto moja huwa na pembe, nyingine ni nzito, na kila moja huruka kwa njia yake. Tena kokoto ikipiga kitu kigumu hurudi. Tufinyange gololi za udongo, za ukubwa mmoja, tuzianike juani siku tatu au nne. Udongo wa kichuguu ndio bora, kwa kuwa unashikana. Gololi ya udongo ikipiga mkebe huulia kama kengele, na papo hapo huvunjika vipande, wala hairudi kumtafuta mwenyewe. Na kichuguu hicho hicho kinatupa uwanja. Vichuguu viwili vikubwa vilivyo nyuma ya shamba la shule ni ukuta uliojengwa bila saruji. Mikebe ikipangwa mbele yake, gololi iliyokosa itaingia udongoni. Kwenye majabali tusiende kamwe. Mtandi ni mlima mzuri wa kupanda na kutazama, lakini jiwe kwa jiwe ni hatari.

Kuhusu kulenga, wengi wetu tunavuta mpira mpaka tunaposikia umekaza, kisha tunafyatua. Ndiyo sababu leo tunapata na kesho tunakosa. Mlenga shabaha huvuta urefu ule ule kila mara, na njia ya kuwa na hakika ni kugusa mahali pamoja pa uso, tuseme mfupa wa shavu, kwa kidole gumba. Huangalia alama moja ndogo juu ya mkebe, si mkebe mzima. Huachia bila kusukuma mkono mbele. Aanze hatua tano, na asisogee hatua kumi mpaka apate mikebe minne katika mitano kwa siku tatu mfululizo. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aachwe autumie. Katika Kitabu cha Waamuzi mna habari za watu mia saba wa Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, waliosifiwa kwa kombeo, na sijasoma kwamba kuna mwalimu aliyewachapa.

Nimefika sasa mahali ambapo wazazi wananingojea, yaani macho. Mimi ninaye ndugu, mtoto wa mama mkubwa, mwenye jicho moja. La pili lilitoka kwa manati alipokuwa na miaka tisa, wakigombania ndege mwembeni na wenzake. Leo ni fundi cherehani, hufanya kazi yake vizuri, lakini kila anapotaka kutunga uzi sindanoni humwita mtoto amsaidie. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba naandika kwa kutojua. Naandika kwa sababu najua. Nilimuuliza ndugu yangu huyo juu ya wazo langu, nikitegemea atanikemea. Aliniuliza maswali mawili tu. Je, watapiga wote wakielekea upande mmoja? Je, atakuwapo mtu mzima? Nilipojibu ndiyo, alisema kwamba siku ile hayakuwapo hayo mawili.

Wazazi wetu Waislamu nao wanayo hoja, tena yenye nguvu. Iko hadithi ya Mtume, inayojulikana sana, inayokataza kurusha vijiwe, kwa kuwa havimwindi mnyama wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoa jicho. Na iko nyingine inayokataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya kuchezea. Lakini wanavyuoni hao hao hutufundisha kwamba Mtume aliwahimiza watu wajifunze kulenga mishale. Mimi si mwanachuoni, nami nawaachia masheikh hukumu. Naona tu kwamba hadithi zile mbili zinauelezea barabara mchezo mbaya tunaoucheza sasa mwembeni, na kwamba kila kanuni ninayoipendekeza inaukimbia mchezo huo: hakuna kiumbe mwenye roho, hakuna kurusha ovyo, na hakuna jicho lililo wazi.

Maana hili la macho sitaki lilegezwe hata siku moja. Kila aliye uwanjani, mchezaji na mtazamaji, avae miwani ya kinga kama ile ya maabara. Isipotosha, wapige wawili wawili, na wengine wakae nyuma mbali. Kabla ya kuanza, kila mpira uvutwe na kutazamwa kama una ufa, kwa sababu ajali nyingine haitoki kwa gololi bali kwa mpira uliokatika na kurudi usoni. Hakuna gololi kuwekwa katika ngozi kabla ya filimbi. Atakayeielekeza manati kwa mtu, hata ikiwa tupu, hata kwa mzaha, atoke uwanjani muhula mzima, akiwa nahodha au kaka mkuu. Na manati zote zibaki mikononi mwa mwalimu jioni. Kabati lile la ofisi litapata kazi yake ya haki.

Wenzangu wavulana wananiambia kwamba mkebe hauna utamu, utamu ni ndege. Nawajibu kwanza kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Pili, yule mwenye kumpiga tetere mmoja baada ya kurusha mawe thelathini humwita kila mtu aje amwone tetere, na yale mawe ishirini na tisa hayasemi. Mkebe husema. Aweke mikebe mitano, tuwe na saa, ndipo tutajua kama ni mlengaji au ni mwenye bahati. Kumfukuza ngedere shambani, au kuamia ndege katika mpunga, hiyo ni kazi, nami siikatazi.

Na wasichana je? Najua swali hili litazimwa haraka, maana kwa desturi zetu manati ni ya wavulana. Lakini mlenga shabaha aliyepata sifa kuliko wote katika enzi ya kauboi alikuwa mwanamke mfupi wa kimo, Annie Oakley, aliyezaliwa Ohio mwaka 1860. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo, akawa anawinda na kuuza nyama ili kuwasaidia mama yake na ndugu zake. Baadaye alitembea dunia katika maonyesho ya Buffalo Bill, na alikuwa akiipasua karata ya kuchezea kwa risasi huku imeelekezwa kwake kwa upande wake mwembamba. Mchezo wetu hautaki misuli. Unataka pumzi tulivu, na kwa habari ya utulivu darasani kwetu sina haja ya kueleza ni upande gani unaopigwa kelele na mwalimu wa zamu.

Majina ya mchezo tuyachukue. Huku kwetu si jambo geni, maana kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la utotoni huachwa. Basi mtu akiingia uwanjani awe Kipanga, au Ruvuma, au Mkebe wa Mwisho, na jina moja lisiwe la watu wawili. Lakini makofia na mavazi tuwaachie wenyewe. Sisi ng'ombe wenyewe hatukuwa nao wengi, mbung'o walituzuia. Tena liko onyo la Kongo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, waliziona sinema za kauboi, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa skafu shingoni na kutunga lugha yao wenyewe. Lugha ilipendeza, lakini vikundi vingine vikageuka magenge ya mitaani. Walichukua kofia na vitisho, shabaha wakaiacha. Sisi tuchukue shabaha.

Gharama karibu hakuna. Mikebe ya nyanya mpishi amekwisha nikubalia, nayo imefika kumi na minne. Ubao wa kupangia upo katika karakana, una mguu mmoja mbovu ambao wa Kidato cha Pili wamesema watautengeneza. Miwani tunaomba maabara ituazime minane siku za Jumamosi, na tutairudisha imeoshwa. Kilichobaki ni mwalimu mwenye saa na filimbi, na ruhusa ya Mkuu wa Shule kupalilia majani yaliyo mbele ya vichuguu vile viwili kabla ya mvua kuanza. Majembe tunayo.